Kamba ya Kunyongea ni ya Nani?

Ndugu msikilizaji, katika nchi yetu ya Tanzania iko adhabu moja ya ajabu. Majaji wanaendelea kuitoa, magereza yanaendelea kuwapokea waliopewa, lakini tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyetekelezewa. Adhabu hiyo ni kunyongwa hadi kufa. Jaji anasema sheria imemfunga mikono. Serikali inasema wananchi wengi bado wanaitaka. Rais, ambaye bila saini yake mnyongaji hawezi kugusa kamba, hatii saini. Na sisi wananchi tunasema hayo ni mambo ya wakubwa. Basi leo nataka tuulizane swali moja tu: kamba hii ni ya nani?

Tuanzie mbali kidogo. Wazee wetu hawakuwa malaika. Walikuwapo watawala waliokata watu vichwa, na mtu aliyeitwa mchawi aliweza kuuawa mchana kweupe. Lakini katika jamii zetu nyingi, mtu akimwua mwenzake, shauri lilikuwa la koo mbili. Wazee walikaa, damu ikalipwa kwa ng'ombe, kiapo kikaliwa, na watu wakarudi kuchota maji kisima kimoja. Huko pwani, sheria ya Kiislamu ilimpa mfiwa njia tatu: kisasi, diya, au msamaha. Nakuomba, msikilizaji, uliweke jambo hili kichwani maana tutalirudia: katika taratibu zote mbili, mfiwa alikuwa na kiti chake barazani.

Kamba ya serikali tunayoijua leo ililetwa na Mjerumani, na hakuileta kwa ajili ya wezi na majambazi. Mwaka 1889 alimnyonga Abushiri bin Salim kule Pangani. Mwaka 1895 akamnyonga Hassan bin Omari Makunganya kule Kilwa, na mahali pale pakaitwa Mwembe Kinyonga mpaka leo. Mwaka 1900 ikawa zamu ya Mangi Meli na wenzake kule Old Moshi. Mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipoanza, Kinjekitile Ngwale alinyongwa kule Mohoro. Na tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, walinyongwa mashujaa 67 wa Kingoni.

Nimewahi kusimama penye kaburi lao la pamoja. Kila mwaka mwezi wa Februari Taifa linawakumbuka kwa heshima zote. Lakini katika makaratasi ya wakubwa wa Kijerumani, watu hawa walikuwa wahalifu waliostahili kufa. Sisemi kwamba jambazi wa leo ni shujaa wa kesho. La hasha! Ninachosema ni kwamba kamba haina macho. Inamnyonga anayeonyeshwa tu, na anayeonyesha ni binadamu, mwenye hofu yake, hasira yake na siasa zake.

Akaja Mwingereza. Na hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Katika miaka ya 1920 Tanganyika ilitumia Kanuni ya Adhabu iliyotoka India. Kwa kanuni ile, mtu aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia aliweza kuhukumiwa kifo, au aliweza kupewa adhabu ya maisha. Jaji alikuwa na mizani mkononi. Mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu mpya, na mizani ile ikaondolewa. Kifungu cha 197 kikasema kwamba aliyeua kwa kukusudia atahukumiwa kifo, basi. Akiwa mjamzito, au akiwa na umri wa chini ya miaka 18, atapewa adhabu nyingine. Wengine wote, kamba.

Mwaka 1961 tulipandisha bendera yetu, lakini kifungu tukakichukua kama kilivyo. Mwenyewe aliyekiandika aliisimamisha adhabu ya kifo kwa mauaji huko kwao mwaka 1965, na mwaka 1969 akaiacha moja kwa moja. Sisi tumebaki na nguo ambayo mwenye nayo alikwisha kuivua.

Tazama sasa namna sheria hiyo inavyofanya kazi. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, katika shamba moja la Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumwua Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa. Akaupakia mwili ndani ya gari la marehemu, akauendesha hadi kituo cha polisi mjini Iringa, akajisalimisha. Ilikuwa miaka ya kupigania vijiji vya ujamaa, na nchi nzima ilitikisika. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilimtia hatiani, na baadaye akanyongwa. Mpaka leo watu wanabishana: wengine wanamwona muuaji wa kiongozi, wengine wanamwona mkulima aliyetetea ardhi yake. Siingii katika ubishi huo. Nataka uone kitu kimoja tu. Utetezi wake ulipokwisha kukataliwa, Jaji hakuwa na swali jingine la kujiuliza. Kama ingekuwa ni jambazi lililovamia duka na kumpiga risasi mwenye duka kwa shilingi mia, adhabu ingekuwa ile ile. Na kama ingekuwa ni mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka 15, kisha usiku mmoja akakusudia na kumtilia sumu, adhabu ingekuwa ile ile. Sheria yetu inapima hatia. Ikiisha kuipima, inatupa mizani.

Mwaka 1984 Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba yetu, na kuanzia mwaka 1988 wananchi wakaweza kuitumia mahakamani. Ibara ya 14 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi. Ibara ya 13 inakataza mtu kupewa adhabu za kinyama au za kumdhalilisha. Basi mwaka 1994, katika Mahakama Kuu ya Dodoma, Jaji James Mwalusanya alikuwa na watu wawili mbele yake, wametiwa hatiani kwa mauaji. Badala ya kutamka maneno ya kila siku, alisikiliza kwanza hoja za pande mbili kama adhabu yenyewe inakubaliana na Katiba.

Hukumu yake ni ya kusomwa na kila Mtanzania. Hakuzungumza juu juu. Alieleza kunyongwa ni kitu gani: mwili unavyoning'inia, na jinsi kifo kisivyokuja upesi kila mara kama tunavyodhani. Alieleza maisha ya mtu anayesubiri kila asubuhi kusikia kama mlango utakaofunguliwa ni wake. Alieleza kwamba washtakiwa wengi ni maskini, wanatetewa na wakili aliyelipwa na serikali ujira mdogo, na kwamba mahakama ni ya binadamu na binadamu hukosea. Akahitimisha kwamba adhabu hiyo inavunja Katiba. Akawapa kifungo cha maisha.

Serikali haikuridhika, shauri likaenda Mahakama ya Rufani. Januari 1995, mahakama hiyo ikatoa uamuzi. Watu wengi wanadhani Mahakama ya Rufani ilisema Mwalusanya amekosea kila kitu. Sivyo. Mahakama ile ilikubaliana naye kwamba adhabu ya kunyongwa ni ya kinyama na inamdhalilisha binadamu. Ilipoachana naye ni hapa: ikasema Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 30, inaruhusu sheria kupunguza haki ya mtu kwa ajili ya usalama wa jamii, na kama adhabu hii inahitajika au haihitajiki kuilinda jamii, mwenye kuamua ni jamii yenyewe. Adhabu ya kifo ikabaki.

Ndugu msikilizaji, nakuomba uyatafakari maneno hayo. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ilikiri kwamba adhabu ni ya kinyama, kisha ikatukabidhi sisi tuseme kama tunauhitaji unyama huo. Sisi! Mimi na wewe! Ni zaidi ya miaka 30 sasa tangu tuulizwe. Tumejibu nini?

Majirani zetu wamejibu, kila mmoja kwa namna yake. Juni 1995 Afrika Kusini iliifuta kwa hukumu ya Mahakama ya Katiba, na hukumu ya Mwalusanya imetajwa humo. Uganda, Januari 2009, Mahakama ya Juu iliondoa neno "lazima", ikaongeza kwamba mtu akingoja zaidi ya miaka 3 baada ya rufani yake ya mwisho, adhabu igeuke kuwa kifungo cha maisha. Kenya haijanyonga tangu mwaka 1987; mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu watu zaidi ya 4,000 kwa mpigo, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya huko ikaondoa ulazima. Tena itazame Rwanda. Kama kuna nchi ambayo ingeweza kudai kamba, ni ile iliyopita katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Aprili 1998 iliwapiga risasi hadharani watu 22. Lakini mwaka 2007 iliifuta adhabu ya kifo.

Na sisi? Septemba 2017 Rais John Magufuli, wakati wa kumwapisha Jaji Mkuu, alisema wazi kwamba yeye hatatia saini mtu anyongwe. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa Arusha, iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi, ikatutaka tuiondoe katika sheria zetu. Kifungu cha 197 hakikutikisika.

Sasa niwageukie wenzangu wanaoitetea kamba, kwa maana hoja yao si ya kudharauliwa. Msikilizaji mmoja wa Kahama alinipigia simu baada ya kipindi kimoja cha nyuma nilipoligusia jambo hili. Sauti yake ilikuwa kali. "Wewe mtangazaji hukumzika mdogo wangu," aliniambia. "Majambazi walimwua akiwa amepiga magoti." Nilimpa pole. Kisha nikamwuliza kama waliofanya unyama huo walinyongwa. Akasema walihukumiwa, wako gerezani, wanasubiri. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Na mimi nasubiri."

Maneno hayo yalinichoma kuliko hoja zote za mawakili. Mtu huyu serikali ilimwahidi kifo cha adui yake, kisha ikamwacha mlangoni. Haikumpa kisasi, haikumpa diya, haikumwuliza kama ana msamaha. Haikumpa hata kiti kile ambacho wazee wetu walimwekea mfiwa. Imempa ahadi ambayo viongozi wenyewe hawakusudii kuitimiza. Anayefikiri kwamba kifungu cha 197 kinawaheshimu wafiwa na aende Kahama akazungumze na mtu huyu.

Wapo wanaosema kamba inatisha, ikiondolewa wauaji watazidi. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi huko huko Kahama iliwahukumu kifo watu 3 waliomwua mtoto mwenye ulemavu wa ngozi. Nchi nzima ilishangilia, na ilikuwa haki watiwe hatiani. Lakini mashambulizi dhidi ya ndugu zetu hao hayakukoma. Muuaji hakai chini akasoma Kanuni ya Adhabu. Anaangalia kama atakamatwa. Polisi mwenye vifaa, shahidi asiyeogopa na kesi isiyokaa mahabusu miaka saba vinamtisha kuliko kitanzi ambacho anajua hakivutwi.

Tena wapo watu waliohukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikawaachia huru baada ya kuona ushahidi haukutosha. Wametoka wakiwa hai kwa sababu kamba haikuwa na haraka. Maji yakimwagika hayazoleki. Na hapa ni damu.

Msimamo wangu nausema bila kuuzungusha. Mimi naona Mwalusanya alikuwa na haki, na kwamba serikali isiue mtu ambaye imekwisha kumfunga mikono. Najua wengi hamtakubali. Basi tuanze na lile dogo ambalo hata mpenda kamba anaweza kulikubali: tuondoe neno "lazima". Tumrudishie Jaji mizani aliyonyang'anywa mwaka 1930. Aweze kumtofautisha jambazi na mke aliyechoka kupigwa. Aweze kumsikiliza mfiwa kabla ya kutamka adhabu. Kwa hilo hatuhitaji mahakama nyingine ituambie. Tunahitaji wabunge wetu, na wabunge wanahitaji kusikia kutoka kwetu.

Na kama baada ya hayo bado tunaitaka kamba, basi tuseme waziwazi, na tukubali kwamba mnyongaji anapovuta, anavuta kwa mkono wako na wangu. Haifai Jaji aseme ni sheria, Bunge liseme ni wananchi, Rais aweke hati mezani bila saini, na wananchi tuseme ni wakubwa, huku watu wanazeeka gerezani wakisikiliza milango. Mwaka 1995 tuliulizwa swali. Mbunge wako akija jimboni, mwulize yeye analijibu vipi, na mwambie wewe unalijibu vipi.

Kwa juma hili ni hayo. Tusikilizane juma lijalo, siku na saa kama hizi.