Saratani ya titi iliyopotoshwa na jina lake

Kwa miaka mingi wanawake wamehimizwa kupapasa matiti yao wakitafuta donge. Ushauri huo ni mwema, lakini ipo saratani moja ya titi ambayo mara nyingi haina donge la kupapaswa. Titi hujaa kwa muda wa wiki chache tu, likawa zito na lenye joto, na ngozi yake ikafanya vishimo kama ganda la chungwa. Anayeliona hudhani ni jipu.

Mwaka 1814 mpasuaji wa Kiskoti, Charles Bell, ambaye jina lake limebaki pia katika maradhi ya kupooza uso, aliandika kwamba ngozi inayogeuka zambarau juu ya uvimbe wa titi, pamoja na maumivu ya kuchoma, ni dalili mbaya. Bell alieleza sura ya nje. Yaliyomo ndani ya ngozi yalielezwa mwaka 1887 na Thomas Bryant wa London: mishipa myembamba ya limfu imezibwa na chembe za saratani. Mishipa hiyo ni mifereji ya kuondoa maji. Ikizibwa, maji hutuama na titi huvimba. Hakuna vijidudu wala usaha.

Hata hivyo, mwaka 1924 madaktari Lee na Tannenbaum wa Memorial Hospital, New York, walipoandika habari za wagonjwa 28, waliiita saratani ya mchochota, yaani uvimbe wa joto na wekundu kama wa kidonda kilichoingiwa na vijidudu. Jina hilo lilieleza vyema kinachoonekana kwa macho, lakini kwa maoni yangu limewaponza wengi. Hadi leo wapo wanaopewa viuavijasumu, duru baada ya duru, huku saratani ikienea.

Kisu peke yake nacho hakikufaa. Mwaka 1943 Haagensen na Stout, wa New York pia, waliiweka miongoni mwa saratani zisizopaswa kupasuliwa, kwani ilirudi upesi mno. Nafuu ilianza kuonekana miaka ya 1970, dawa za kuua chembe za saratani zilipotangulizwa, kisha upasuaji, kisha mionzi. Mpangilio huo ndio unaofuatwa hata sasa.

Na utambuzi? Wataalamu waliokutana Houston mwaka 2008 walikubaliana kwamba mabadiliko yawe ya ghafla, yasiyozidi miezi 6. Wekundu ufunike angalau theluthi ya titi. Na kipande cha nyama kithibitishe saratani chini ya hadubini. Kipande cha ngozi kisichoonyesha mishipa iliyozibwa hakimwondolei mgonjwa shaka, kwa kuwa ni sehemu ndogo tu iliyokatwa.

Linalobaki ni huo wekundu. Nchini Marekani maradhi haya huwapata wanawake weusi zaidi kuliko weupe, na katika ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa: titi huwa jeusi zaidi, la hudhurungi, au lenye ile zambarau aliyoitaja Bell.