Njia ya Reli Iliyogeuka Njia ya Baiskeli

Kusini mwa Bourgogne, upande wa mashariki wa Ufaransa, kuna utepe wa lami wa kilomita 44 unaotoka mji mdogo wa Givry na kuishia Cluny. Magari hayaruhusiwi, pikipiki nazo hazipiti. Milima haipo, maana lami hiyo ilimwagwa mwaka 1997 juu ya tuta la reli iliyokwisha kuachwa, na wahandisi wa treni za makaa ya mawe walikwepa kila mwinuko walioweza kuukwepa. Ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza Ufaransa kati ya njia ambazo wenyeji huziita voie verte, yaani njia ya kijani. Kushoto na kulia ni mizabibu, ng'ombe weupe wa Charolais, na kila baada ya mwendo mfupi mnara wa kengele wa karne ya 11 au ya 12 unachungulia juu ya mapaa ya vigae.

Watu hutoka mbali kuja kuendesha baiskeli hapa, na karibu wote husifu jambo moja: utulivu. Wana haki. Ila utulivu huo haukuumbwa na Mungu pamoja na vilima. Palikuwa na kishindo cha wachonga mawe, halafu cha baruti, halafu cha treni, na kila shughuli ilipokwisha ikaacha kitu ambacho baiskeli inakipitia leo.

Shughuli ya kwanza ilianza mwaka 910, wakati Guillaume, mtawala wa Akwitania, alipotoa ardhi yake ya Cluny kwa wamonaki wachache na kuwaweka chini ya Papa moja kwa moja, bila mwinyi wala askofu wa jirani kuwaingilia. Msomaji aliyewahi kufika abasia ya Peramiho au ya Ndanda, kusini mwa Tanzania, anaijua kanuni waliyoifuata, ile ya Mtakatifu Benedikto, ya sala na kazi. Cluny waliipokea wakaelemea upande wa sala. Zaburi ziliimbwa kwa saa nyingi mchana na usiku, na jembe likabaki mikononi mwa wengine. Matajiri walipenda kuombewa na watu wa namna hiyo. Mashamba, misitu na fedha vikamiminika, na katika kilele chake mtandao wa Cluny ulikuwa na nyumba zaidi ya 1,000 zilizotapakaa Ulaya. Mwaka 1088 abate Hugues akaanza kujenga kanisa la tatu mahali pale pale. Lilipokamilika lilikuwa na urefu wa mita 187 hivi, na hakuna kanisa la Kikristo lililolizidi mpaka Roma ilipojenga upya Basilika la Mtakatifu Petro, karne nne baadaye.

Kazi kubwa namna hiyo huvuta mafundi, na mafundi hawakai bure. Ndiyo sababu nchi hii ina makanisa mazuri hata pale penye nyumba chache tu. Chapaize, pembeni kidogo ya njia ya baiskeli, ni kijiji cha kupita bila kugeuza shingo, isipokuwa kina mnara wa mita 35 uliojengwa karne ya 11 na wajenzi waliokuwa na mkono wa Kiitalia. Ndani kuna nguzo nono za duara, kuta nene, madirisha madogo, na ubaridi unaompendeza mtu aliyetoka kukanyaga pedali kwenye jua la Julai. Brancion ipo juu ya kilima, na kanisa lake lina michoro ya ukutani iliyochakaa. Tournus, kando ya mto Saône, ina kanisa la Mtakatifu Philibert, lililojengwa na wamonaki ambao babu zao wa kiroho waliwakimbia Waviking kutoka pwani ya Atlantiki na kufika hapo mwaka 875 wakiwa na mifupa ya mtakatifu wao.

Vézelay iko mbali zaidi, kaskazini mwa Bourgogne, lakini haifai kurukwa, hasa kwa msomaji wa Kiswahili. Juu ya mlango wa ndani wa kanisa lake, wachongaji wa miaka ya 1120 hivi walijaribu kuonyesha mataifa yote ya dunia yanayoingojea Injili. Wapo watu wenye vichwa vya mbwa. Wapo wenye masikio makubwa ya kujifunika. Na wapo mbilikimo, mmoja wao akipanda farasi kwa ngazi. Fundi hakuwa amemwona mbilikimo, na inaelekea hakuwa amekutana na mtu yeyote aliyewaona. Alikuwa amesikia habari zilizotoka kwa Wagiriki na Warumi wa kale, akazichonga kwa bidii ile ile aliyoitumia kuwachonga mitume. Jiwe lilipendeza, elimu ikabaki nyuma.

Kisha yakaja mapinduzi ya 1789. Serikali mpya ilitaifisha mali za Kanisa, na mwaka 1798 abasia ya Cluny ikauzwa kwa wafanyabiashara. Hawakuinunua ili kusali. Waliigeuza machimbo ya mawe, wakapitisha barabara katikati ya kanisa, na kwa nyundo na baruti wakaendelea kubomoa mpaka mwaka 1823. Sehemu ya mawe hayo iliishia kwenye mazizi ya farasi ya serikali, yaliyoanzishwa pale pale wakati wa Napoleon na ambayo bado yamesimama. Kati ya kanisa lile kubwa imebaki chini ya sehemu moja ya kumi: mkono wa kusini wenye mnara mmoja mrefu, ambao mwendesha baiskeli huuona kabla ya kuuona mji.

Vézelay ilinusurika kwa sababu ya mtu aliyekuwa akisafiri. Mwandishi Prosper Mérimée aliteuliwa mwaka 1834 kuwa mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria, akaanza kuzunguka Ufaransa kwa magari ya farasi, akilala kwenye nyumba za wageni zenye viroboto na kuandika ripoti za hasira. Alikuta Vézelay karibu kuanguka. Mwaka 1840 kazi ya kuliokoa kanisa lake ilipewa kijana wa miaka 26, Eugène Viollet-le-Duc, na mwaka huo huo ikatoka orodha ya kwanza ya majengo zaidi ya 1,000 yaliyostahili msaada wa serikali. Tangu hapo kanisa la kijijini likaanza kuwa kitu cha kwenda kutazamwa hata na mtu asiyesali. Kilichokosekana kilikuwa chombo cha kumfikisha mtu wa kawaida huko.

Treni ilisaidia nusu. Ilimfikisha msafiri stesheni, ikamwacha. Baiskeli ndiyo iliyomaliza safari. Mbio za kwanza za mji hadi mji, Paris hadi Rouen, zilifanyika Novemba 1869 kwa mashine nzito za mbao na chuma. Mshindi, Mwingereza James Moore, alikata kilomita 123 kwa zaidi ya saa 10. Miaka 20 baadaye mambo yalikuwa mengine. Mnyororo ulikuwa umelipa nguvu gurudumu la nyuma, Dunlop alikuwa amekwisha kuleta tairi la upepo mwaka 1888, na ndugu wa Michelin wakaleta mwaka 1891 tairi la kuvuliwa, ili pancha isiwe msiba. Mwaka 1890 ikaanzishwa Touring-Club de France, klabu ya wasafiri iliyoweka vibao vya barabarani na kuwashughulikia wenye hoteli za vijijini mpaka wakakubali kwamba chumba kinapaswa kuwa safi na choo kiwe choo. Serikali nayo ilinusa pesa: sheria ya 1893 ilitoza kodi kila baiskeli, na kwa muda mrefu kibati cha kodi kilifungwa kwenye fremu kama leseni.

Kanisa lenyewe halikujua la kufanya. Baadhi ya maaskofu waliwakataza mapadre kupanda baiskeli, kwa kuwa kanzu iliyokunjwa hadi magotini haikuwaletea heshima. Maparoko wa vijijini wenye vigango vya mbali walikuwa na maoni yao.

Lakini aliyeifanya baiskeli kuwa chombo cha matembezi, tofauti na chombo cha mashindano, ni Paul de Vivie, aliyejulikana kwa jina la kalamu la Vélocio. Alikuwa mfanyabiashara wa hariri wa Saint-Étienne, mji wa viwanda na makaa ya mawe kusini zaidi. Akaiacha hariri, akafungua duka la baiskeli na kuanzisha jarida, Le Cycliste, ambalo alilitumia kuhubiri. Alihubiri kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu, kutokula nyama, na kutokanyaga pedali kwa ajili ya kujionyesha. Juu ya yote alihubiri gia. Baiskeli ya siku zile ilikuwa na gia moja. Mlima ukija, unashuka na kusukuma. Vélocio alijaribu minyororo miwili, magurudumu ya meno ya ukubwa tofauti, na kila mtambo wa kubadilishia gia uliopita mikononi mwake. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France ya 1903, aliyadharau hayo yote na kuyaona ni ya wazee na wanyonge. Waendeshaji wake walisimama chini ya mlima, wakaligeuza gurudumu la nyuma ili watumie meno ya upande wa pili, kisha wakaendelea. Mbio hizo hazikuwaruhusu waendeshaji wote kutumia mitambo ya kubadilishia gia mpaka mwaka 1937. Vélocio hakuiona siku hiyo, kwa kuwa tramu ilimgonga Saint-Étienne mwaka 1930. Ukitazama leo baiskeli zinazopanda kwenda Brancion zikiwa na mizigo kwenye karia, na wastaafu juu yake wakizungumza bila kuhema, ni vigumu kusema Desgrange alishinda.

Wafanyakazi walipata zamu yao mwaka 1936. Serikali ya Léon Blum ilipitisha mwezi Juni sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo, na kiangazi hicho barabara zikajaa baiskeli za watu wawili wawili na mahema. Wengi hawakuwa wamewahi kuona sehemu nyingine ya nchi yao.

Walichokikuta vijijini kilikuwa kinapungua. Sheria ya Desemba 1905 ilikuwa imetenganisha dini na serikali, na makanisa ya parokia yaliyojengwa kabla ya hapo yakawa mali ya halmashauri za vijiji. Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo, na ndiyo maana ukikuta mlango umefungwa, ufunguo hutafutwa kwenye ofisi ya meya kuliko kwa padre. Kisha vita vya 1914 hadi 1918 vikachukua Wafaransa wapatao milioni 1.4, wengi wao wakulima; majina yao yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu, mara nyingi hatua chache tu kutoka kanisani. Vijiji vingine havikupona tena.

Katika hali hiyo, Agosti 1940, Ufaransa ikiwa imeshindwa vitani, Mswisi wa miaka 25 alifika maeneo haya kwa baiskeli kutoka Geneva. Jina lake Roger Schutz, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti, na alikuwa akitafuta nyumba ambamo angeanzisha maisha ya sala ya pamoja. Kilomita chache kutoka Cluny akaikuta, katika kijiji cha Taizé kilichokuwa kimebaki na watu wachache. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja alimsihi abaki, kwa kuwa wao walikuwa wapweke mno. Akabaki. Mstari uliotenga sehemu iliyokaliwa na Wajerumani haukuwa mbali, na nyumba yake ikawa kimbilio la watu waliokuwa wakitafutwa, Wayahudi miongoni mwao, hata ikabidi naye aondoke mwaka 1942. Alirudi vita vilipokuwa vinakwisha. Pasaka ya 1949 ndugu saba wa kwanza waliweka nadhiri, wakisali katika kanisa dogo la kijiji la karne ya 12. Mwaka 1962 walilazimika kujenga jingine kubwa kwa sababu ya vijana waliofurika. Ndugu wa jumuiya hiyo wamewahi kuishi Mathare, Nairobi, na mikutano yao ya vijana ilifanyika Nairobi mwaka 2008 na Kigali mwaka 2012. Kwa Waafrika Mashariki wengi Taizé ni jina la wimbo wa kurudiwarudiwa kanisani. Kwa mwendesha baiskeli wa Bourgogne ni mwinuko mfupi upande wa njia, wenye kengele.

Treni hazikudumu. Magari yalipoenea, abiria walipungua, na reli ya Cluny ikaachwa kwa magugu. Mwaka 1981 treni ya kasi ya Paris hadi Lyon ilianza kupita karibu na mji huo bila kusimama, na nusu ya nchi ikaizoea Cluny kama ukungu wa kijani dirishani. Tuta la zamani lilibaki wazi, limesawazishwa tayari, na ndilo lililopewa lami mwaka 1997.

Baadaye njia ilirefushwa kusini kuelekea Mâcon, kupitia handaki la reli la Bois Clair lenye urefu wa kilomita 1.6, baridi tupu hata katikati ya kiangazi. Majira ya baridi hufungwa, kwa sababu popo hulala humo, na wenye baiskeli hupelekwa juu ya kilima. Upande wa pili iko Berzé-la-Ville, ambako abate Hugues alipenda kupumzika. Kikanisa chake kilipakwa chokaa zamani, na mwaka 1887 paroko wa mahali hapo akagundua chini yake michoro ya karne ya 12: Kristo mkubwa ameketi, akimkabidhi Petro hati iliyokunjwa, mitume wamemzunguka. Abasia mama iligeuzwa kifusi, lakini chumba hiki cha faragha cha wakubwa wake kimebaki na rangi zake. Mwanahistoria Mwingereza Joan Evans alikinunua, na mwaka 1947 akakikabidhi kwa Akademia ya Mâcon, inayokimiliki hadi sasa na kuwatoza wageni kiingilio, wawe wamekuja kwa gari au kwa pedali.