Sindano na Sikio: Tiba ya Watoto Viziwi, kutoka Liaoyuan hadi Masasi

Akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano nyembamba kwenye nukta maalumu za mwili, imeandikwa katika vitabu vya China kwa zaidi ya miaka 2,000. Dai kwamba inamfungua masikio mtoto kiziwi na kumfanya aseme, hata hivyo, lilipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1968 mganga wa jeshi, Zhao Puyu, alianza kuwatibu wanafunzi wa shule ya viziwi ya Liaoyuan, mkoa wa Jilin. Alitumia nukta ya kisogoni ambayo vitabu vilionya isichomwe kwa kina, na inasimuliwa kwamba alijichoma mwenyewe kwanza. Magazeti ya China yakatangaza kwamba watoto hao sasa wanasikia na kumsifu Mao kwa sauti zao.

Ulikuwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, na daktari wa kusimama na kupinga habari hiyo hakuwa rahisi kupatikana. Sababu za kutilia shaka zilikuwapo. Wengi wanaoitwa viziwi huwa wamebakiwa na usikivu kidogo, na mtoto wa namna hiyo akifundishwa neno moja kila siku atalitamka, kwa sindano au bila sindano. Uziwi wenyewe, mara nyingi, ni wa sikio la ndani, lenye sehemu ya umbo la konokono ambamo chembe zenye vinyweleo hugeuza mtetemo wa sauti kuwa ishara za neva. Kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Majaribio ya miongo iliyofuata hayajaonyesha kwa uhakika kwamba sindano huzirudisha.

Akupancha ilifika Afrika Mashariki pamoja na madaktari wa China: Zanzibar mwaka 1964, wakitoka mkoa wa Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968, wakitoka Shandong. Kusini mwa Tanzania Wachina walijulikana kwa kazi nyingine pia, kwani wakufunzi wao wa kijeshi walikuwa Nachingwea na wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, jirani kabisa na Masasi. Tiba ya kupitia ngozi haikuwa kioja kwa wenyeji. Waganga wa jadi walikuwa wakichanja chale na kupaka dawa juu yake tangu zamani, na Wamakonde walichora nembo za usoni kwa kisu na masizi. Pengine ndiyo sababu sindano za Kichina zilipokewa bila hofu kubwa, hasa kwa maumivu ya mgongo na viungo.

Vijiji vya Masasi vilikuwa na historia yao ya hospitali. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianzishwa Masasi mwaka 1876, chini ya Askofu Edward Steere, pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1935 aliwasili daktari mpasuaji Leader Stirling, aliyefanya kazi Lulindi kwa miaka mingi, kisha Mnero, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya. Katika hospitali kama hizo sikio la mtoto halikuwa fumbo la nukta za mwili. Lilitoka usaha, likasafishwa na kupewa dawa. Likiachwa, ngoma ya sikio hutoboka na mtoto hubaki akisikia kwa shida. Uziwi mzito zaidi ulifuata homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, au rubela iliyompata mama akiwa mjamzito. Dawa nazo zilikuwa na lawama: kwinini nyingi na streptomaisini ya kifua kikuu huweza kuharibu usikivu.

Hapo ndipo sindano iliyofaa kweli ilipo, nayo ni ya chanjo. Tanzania ilianza mpango wa taifa wa chanjo mwaka 1975, surua ikiwemo, na mwaka 2014 ikaongeza ya rubela. Sindano hiyo haimponyi aliyekwisha kuwa kiziwi. Inapunguza idadi ya wanaofikia hali hiyo.

Kwa mtoto ambaye tayari hasikii, swali kubwa ni lugha. Koo na ulimi wake kwa kawaida ni vizima. Anachokosa ni maneno ya kuiga. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki, ikafuata Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, na Mwanga, Kilimanjaro, mwaka 1981. Kwa mzazi wa Masasi, Tabora ilikuwa safari ya siku kadhaa, na wengi walibaki na watoto wao nyumbani, wakiwasiliana kwa ishara za familia ambazo jirani hakuzielewa. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilisukuma lugha ya alama itambuliwe kuwa lugha kamili, maana mtoto anayeipata mapema hujenga mawazo na sarufi kama wenzake wanaosema.

Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya sikio, upasuaji ambao awali watoto walipelekwa India kuupata. Kifaa hicho huzipita chembe zilizokufa na kuufikia mshipa wa neva moja kwa moja. Baada ya upasuaji mtoto husikia sauti asizozielewa, na huhitaji mafunzo ya matamshi kwa miaka kadhaa kabla sauti hizo hazijawa maneno.