Kidole Gumba na Chupa ya Fanta

Zama santuri zilipopata rawaji mjini Nairobi, katika miaka ya 1950, George Mukabi, Mluhya wa magharibi ya Kenya, alilicharaza gita kavu kwa kidole gumba kilichoshika besi na cha shahada kilichoimba juu yake, huku chupa ya Fanta ikikwaruzwa kwa chuma, mtindo uitwao omutibo. Mississippi John Hurt, bingwa wa blues aliyerekodi mwaka 1928, naye alikiachia gumba besi. Walakini nasaba ya omutibo iliyo karibu, kwa rai yangu, ni ya mpiga gita Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo. Mukabi aliuawa mwaka 1963, nalo kundi la Abana ba Nasery likaurithi mtindo huo, ambao ungali ukipendwa na Waluhya waliohamia mitaa ya Kawangware na Kangemi jijini Nairobi.