Seketa

Seketa ni nguo nzito ya pamba iliyofumwa kwa mkono na wenyeji wa kusini-magharibi mwa Tanzania, hasa Wafipa wa Mkoa wa Rukwa na Wanyiha wa Mbozi, Mkoa wa Songwe. Ilikuwa vazi la kawaida kabla ya nguo za viwandani kutoka ng'ambo kuenea.

Historia

Ufumaji wa pamba ulikuwepo katika eneo hilo kabla ya ukoloni. David Livingstone alipopita Ufipa, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1872, aliona pamba ikilimwa kwa wingi. Mipamba iliachwa shambani mwaka mzima ili ikue, huku nafaka na karanga zikipandwa katikati yake. Pamba hiyo ilifumwa kuwa nguo zilizovaliwa na watu kwa jumla.

Utengenezaji

Baada ya mbegu kutolewa, nyuzi zilisokotwa kwa kijiti chenye kigurudumu kidogo cha kukipa uzito. Kitanda cha mfumi kililazwa karibu na ardhi na kushikiliwa kwa vigingi. Mfumi alitanda nyuzi za urefu, yaani mtande, kisha akapitisha kati yake nyuzi za upana, yaani mshindio, na kuzibana kwa ubao mwembamba. Kazi ya kufuma ilikuwa ya wanaume. Ilichukua muda mrefu, lakini nguo ilikuwa imara.

Kufifia

Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilileta merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, Marekani. Vilikuja pia vitambaa vya India na Uingereza. Mfumi wa mkono hakuweza kushindana na bei ya kiwanda. Chini ya ukoloni, kodi iliwalazimu wanaume wengi kwenda kutafuta kazi za mshahara, na pamba ikahimizwa kama zao la kuuzwa nje badala ya kufumwa nyumbani. Ufundi huu ulirithiwa kwa kutazama na kutenda. Vijana walipoacha kujifunza, ulikosa warithi.

Hali ya sasa

Seketa si vazi la kila siku tena. Katika masoko ya Vwawa na Tunduma watu hununua vitenge na mitumba. Kwingineko ufumaji wa jadi umeendelea: katika kisiwa cha Taquile nchini Peru, wakazi bado hufuma na kuvaa nguo zao wenyewe, na UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005.