Usukani Katika Njia ya Lodwar na Kakuma

Mwaka 1959, Jomo Kenyatta alipohamishwa kutoka Lokitaung hadi Lodwar, gari la kutegemewa katika njia zile lilikuwa Land Rover, ambayo boksi lake la usukani, kwa kuwa limezibwa na kujaa mafuta, halikuhofu sana vumbi. Ilipokuja lami ya kutoka Kitale hadi Lodwar kwa msaada wa Norwei katika miaka ya 1980, kisha kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1992, yakazidi magari madogo yenye usukani wa reki, dhaifu mno kwa nchi ile, na maradhi yake yakawa dhahiri: fundi hutikisa gurudumu la mbele kushoto na kulia, mwenziwe, aliyelala chini ya gari, akisikiliza mgongano, na mpira wa reki ukiwa umechanika, basi mchanga umekwisha kuila bushi, wala kuongeza grisi hakufai kitu, sharti reki ishushwe.