Pete za Lenzi: Historia ya Milimita Chache

Pete ya kuunganishia lenzi, ambayo wapiga picha huiita adapta, ni kipande chembamba cha shaba au aluminiamu chenye pande mbili. Upande mmoja hupokea lenzi ya kiwanda kimoja, na upande wa pili huingia kwenye kamera ya kiwanda kingine. Kwa pete hiyo, lenzi ya miaka ya 1930 huweza kupiga picha kwenye kamera ya filamu iliyoundwa nusu karne baadaye. Inapowezekana na inaposhindikana, sababu huwa moja: kina cha kamera, yaani umbali kutoka uso inapokalia lenzi hadi kwenye filamu.

Kila lenzi hutengenezwa kwa kina maalumu. Lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele kwa milimita 1 tu, haiwezi tena kutoa picha kali ya kitu kilicho mbali zaidi ya mita 2.5 hivi, milima na upeo wa macho hubaki ukungu. Kwa hiyo unene wa pete lazima ulingane na tofauti ya kina cha kamera mbili. Lenzi ya kamera yenye kina kirefu inaweza kuhamia kwenye kamera yenye kina kifupi, kwa kuwa pana nafasi ya kuweka pete. Safari ya kinyume haiwezekani bila kuongeza kioo ndani ya pete, na kioo hicho mara nyingi hupunguza ubora wa picha.

Kipimo hicho kilianza kupata uzito Wetzlar, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Ernst Leitz. Kamera ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack na kuingia sokoni mwaka 1925, mwanzoni ilikuwa na lenzi isiyotoka. Mwaka 1930 ilipewa kishikio chenye hesi, yaani mistari ya parafujo, ya milimita 39, ili lenzi ziweze kubadilishwa. Lakini kila lenzi ilibidi irekebishwe kiwandani ifae kamera yake peke yake. Mwaka 1931 Leitz iliamua kutumia kina kimoja, milimita 28.8, na kamera zilizofuata kipimo hicho zikachorwa sifuri ndogo kwenye kishikio. Tangu hapo lenzi yoyote ya Leica ilifaa kamera yoyote ya Leica. Viwanda vingine vikafuata hesi hiyohiyo, na ndiyo maana David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la Life, aliweza kupiga picha za vita vya Korea mwaka 1950 akiwa na lenzi za Nikkor kutoka Japani kwenye Leica zake.

Mwaka 1954 Leitz ilitoa Leica M3 na kuiacha hesi. Kishikio kipya kilikuwa cha bayoneti: lenzi huingizwa, huzungushwa kidogo, na kujifunga. Kina chake kilikuwa milimita 27.8, pungufu kwa milimita 1 kamili. Upungufu huo ulikuwa nafasi iliyoachwa makusudi kwa wenye lenzi za zamani. Mpiga picha alifunga lenzi yake ya hesi kwenye pete yenye unene wa milimita 1, kisha akaiingiza pete kwenye kamera kama lenzi nyingine yoyote. Kifaa cha kupimia umbali kiliendelea kufanya kazi, na pete zilitengenezwa kwa aina tofauti ili kidirisha cha kutazamia kionyeshe fremu inayolingana na lenzi.

Kamera za kioo cha kuakisi zilikuwa na kina kirefu zaidi, kwa kuwa kioo hicho kinahitaji nafasi ya kuinuka kati ya lenzi na filamu. Exakta ya Dresden, iliyotoka mwaka 1936 kwa filamu ya milimita 35, ilikuwa na milimita 44.7. Mwaka 1949 mji huohuo ulitoa Contax S yenye hesi ya milimita 42 na kina cha milimita 45.46. Kishikio hicho, kinachojulikana kama M42, kilienea kupitia kamera za Praktica, kikafika Japani kwa Asahi Pentax ya mwaka 1957, na baadaye kikatumika kwenye kamera za Zenit za Umoja wa Kisovyeti.

Hesi kulingana hakumaanishi lenzi kulingana. Zenit za mwanzo zilikuwa na hesi ya milimita 39 kama ya Leica, lakini kina chake ni milimita 45.2. Lenzi ya Leica huingia humo bila shida, kisha huona vitu vilivyo karibu sana tu. Mtego kama huo umo kwenye mfumo wa T uliobuniwa Japani na kiwanda kilichokuja kuitwa Tamron. Hesi yake nayo ni ya milimita 42, ila mistari yake imepishana kwa milimita 0.75 badala ya 1. Lenzi ya M42 ikijaribiwa hapo huzunguka kidogo kisha hukwama, na anayelazimisha huharibu hesi.

Pentax ilipohamia bayoneti mwaka 1975, kwa kishikio cha K, ilifuata busara ya Leitz kwa njia yake. Ilibakiza kina cha milimita 45.46 na kupanua mdomo wa kamera, hivyo pete ya M42 huzama yote ndani bila kuongeza unene. Hushikwa na springi ndogo, na lenzi ikifunguliwa pete hubaki kwenye kamera mpaka springi ibonyezwe kwa ukucha au kifaa chembamba. Pete hiyo haisukumi pini iliyo nyuma ya lenzi, ambayo kwenye kamera ya zamani ilifunga tundu la lenzi wakati wa kupiga. Mpiga picha hufanya kazi hiyo mwenyewe: huweka swichi ya lenzi kwenye alama ya mkono, hulenga tundu likiwa wazi, kisha hulifunga kwa kuhesabu migoto ya pete ya lenzi kabla ya kupima mwanga.

Nikon F ya mwaka 1959 ilichagua milimita 46.5. Kina hicho kirefu kinazifanya lenzi za Nikon zihamie kwenye kamera nyingi, lakini lenzi ya M42 ikiwekwa kwenye Nikon kwa pete isiyo na kioo hupoteza upeo. Canon ilishika njia tofauti. Kamera zake za FD za mwaka 1971 zilikuwa na kina cha milimita 42 tu, zikapokea lenzi za M42, Exakta na Nikon. Mwaka 1987 Canon ilianzisha EOS yenye milimita 44, ambayo bado ni fupi kuliko M42, Nikon na Pentax K. Ndiyo maana kamera za filamu za EOS huwakaribisha wageni wengi wa zamani, ingawa tundu lao hufungwa kwa mkono. Lenzi za FD zilikosa nafasi kwa milimita 2. Canon ilitengeneza kiunganishi chenye kioo kwa ajili ya baadhi ya lenzi zake ndefu za FD. Nyingine zilibaki na kamera zilizozaliwa nazo.